Baba hawezi tena kutembea huku akiitikia salamu

Kwa Mshauri wa Afya ya Wazee,

Assalaamu alaykum, na shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Mikindani, ninakoishi na baba yangu mzazi pamoja na wanangu wawili. Baba ana umri wa miaka 74. Ujana wake aliumalizia baharini, kwanza akiwa mvuvi, kisha nahodha wa mashua, na hata leo hana maradhi makubwa isipokuwa shinikizo la damu, ambalo analimezea vidonge kila asubuhi. Usiku humeza kidonge kingine cha kumsaidia kulala, ambacho hununua mwenyewe duka la dawa.

Tangu Ramadhani iliyopita ameanguka mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri, alipokuwa akivuka kizingiti cha choo akiwa ameshika kopo la maji. Mara ya pili alikuwa njiani kwenda msikitini, akizungumza na rafiki yake, bodaboda ikapiga honi nyuma yao. Rafiki alisogea pembeni, baba akaanguka. Mara ya tatu mjukuu wake alimwita kwa sauti kutoka jikoni, naye alipogeuka ili amwitikie, miguu yake ikapishana. Hakuvunjika mahali popote. Zahanati tuliyompeleka ilimpa dawa ya maumivu na kutuambia kwamba hayo ni mambo ya uzee.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama lina uzito. Zamani baba alikuwa akipita mtaani anaitikia salamu za watu wote huku anakwenda zake. Siku hizi mtu akimsalimu ni lazima asimame kabisa, aitikie, kisha ndipo aendelee. Sisi tulidhani ni heshima ya utu uzima. Pia ameanza kusahau majina ya watu, na ndani ya nyumba hutembea akiwa ameshika ukuta.

Kaka yangu aliyepo Dar es Salaam ameagiza baba aketi, asichote maji wala kwenda msikitini kwa miguu, na ametuma fedha za kununua kiti kikubwa cha kupumzikia. Baba mdogo naye anasema kinachochoka ni kichwa, kwa hiyo dawa ni bao, ambalo baba hulicheza kila alasiri na bado anawafunga vijana. Mimi niko katikati. Je, nimzuie kutembea? Je, bao linatosha? Je, yapo mazoezi ambayo mzee wa umri wake anaweza kuyafanya hapa nyumbani, bila mashine wala gharama?

Binti wa Mzee, Mikindani

Waalaykumu salaam, na marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu umeandika jambo ambalo watu wengi wanaoishi na wazee hawalioni, nalo ni hilo la salamu. Nitalirudia kwa kirefu. Kwanza, hata hivyo, nijibu swali lililo la haraka: usimzuie baba kutembea, na ile fedha ya kiti iwekeni kwanza, kwa maana nitawaelekeza matumizi yake yaliyo bora zaidi. Mzee anayeanguka akiketishwa, misuli ya mapaja na ya vifundo vya miguu hupungua haraka, hofu ya kuanguka huongezeka, na siku atakapolazimika kuinuka, maana lazima ataenda chooni, atainuka akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa kabla ya kuketishwa. Kaka yako ameagiza hivyo kwa mapenzi, na umwambie hivyo, lakini agizo hilo litamletea baba anguko la nne.

Kabla ya zoezi lolote, mpeleke baba hospitali, na safari hii uende na maswali mkononi. Kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ukiulizie katika hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, au katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, na usione haya kwenda moja kwa moja kwenye dirisha la wazee. Omba apimwe shinikizo la damu akiwa amelala kwa dakika kadhaa, kisha apimwe tena baada ya kusimama, ndani ya dakika tatu za mwanzo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi damu haimfikii kichwani vizuri anapoinuka, na hilo peke yake laweza kumwangusha mtu alfajiri anapotoka kitandani. Omba apimwe sukari, na macho yachunguzwe kama yana mtoto wa jicho.

Beba vidonge vyote anavyomeza, hasa hicho cha usiku. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, na hata vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi kama piritoni, huongeza hatari ya kuanguka kwa wazee na kuifanya kumbukumbu iwe nzito. Nakusihi usimwachishe ghafla, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, na vidonge vya shinikizo la damu navyo visiguswe bila ushauri wake. Iwapo katika maanguko hayo baba alipoteza fahamu japo kwa sekunde chache, au alijigonga kichwa, au upande mmoja wa mwili umelegea, hilo ni la kupelekwa siku hiyo hiyo.

Kauli ya kwamba hayo ni mambo ya uzee siikubali. Ni kweli kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka katika mwaka mmoja, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa watu wazima. Lakini jambo kuwa la kawaida halilifanyi liwe halina tiba.

Sasa salamu. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi mfupi wa wataalamu wa Sweden, waliowafuatilia wazee 58 walioishi katika makazi ya wazee. Kipimo chenyewe hakikuwa na kifaa chochote: mtu alitembea pamoja na mzee, kisha katikati ya njia akaanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Kati ya hao 12, wazee 10 walianguka ndani ya miezi sita iliyofuata. Ulichokiona wewe mtaani kwenu ndicho wataalamu hao walichokipima, na hukukosea kukitilia shaka.

Sababu yake ni hii. Mtu husimama wima kwa kutegemea taarifa zinazotoka sehemu tatu, yaani macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo pamoja na viungo. Kwa kijana, ubongo hupokea taarifa hizo na kurekebisha mwili bila yeye kujua, kwa hiyo fikra zake zinabaki huru kwa mambo mengine. Umri unapokwenda, nyayo hazisikii ardhi kama zamani, macho hayaoni vizuri kwenye giza, misuli huchelewa kujibu, na ubongo hulazimika kufidia upungufu huo kwa umakini. Kutembea, ambako hakukuwa kukihitaji fikra, sasa kunazihitaji. Anaposalimiwa, umakini ule ule unatakiwa kusikiliza, kumtambua mtu, kutafuta jina lake na kupanga jibu, na kinachobaki kwa miguu ni kidogo. Baba yako kama nahodha ataelewa haraka ukimwambia kwamba zamani chombo kilikuwa na mabaharia wa kutosha, na sasa aliyeshika usukani ndiye huyo huyo anayetakiwa kushusha tanga.

Yatazame maanguko yake matatu kwa jicho hilo, utaona yanafanana. Kopo la maji lilitaka lisimwagike, na kizingiti kikataka mguu unyanyuliwe. Mazungumzo ya njiani yalikatwa na honi. Sauti ya mjukuu ilimgeuza shingo kabla miguu haijajipanga. Katika yote matatu alikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anaposimama ili aitikie salamu, msimkaripie wala msimharakishe, kwa sababu ubongo wake umechagua sawasawa: umeona hauwezi mambo mawili salama, ukaacha moja. Kazi yetu ni kumrudishia uwezo wa mawili, na hilo hufanyika kwa mazoezi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baba yako mdogo, ingawa kwa heshima, kwa kuwa nusu ya kauli yake ni kweli. Bao ni kazi nzito ya akili. Mchezaji anazifuata kete 64 katika mashimo 32, anahesabu mtaji wake na wa mwenzake, na kuona mbele zamu kadhaa. Tena linamtoa baba nyumbani na kumkutanisha na watu, na hilo si dogo kwa mzee. Lakini bao huchezwa mtu ameketi, na akili iliyonolewa mtu akiwa ameketi haiendi yenyewe kwenye miguu.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Australia uliowahusisha watu 769 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, ukafuatilia maanguko yao kwa mwaka mmoja. Kundi moja lilicheza michezo ya kufikiri likiwa limesimama, likikanyaga kwenye mkeka maalumu kwa kufuata alama zilizotokea kwenye skrini. Kundi la pili lilicheza michezo ya kufikiri likiwa limeketi. La tatu halikupewa zoezi lolote bali kijitabu cha ushauri. Waliokanyaga walianguka pungufu kwa asilimia 26. Waliocheza wameketi hawakuonyesha tofauti ya wazi katika kuanguka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, uliofanyika katika nchi tano, uliwatembeza wazee waliokwisha kuanguka kwenye mashine ya kutembelea, baadhi wakitembea tu na wengine wakitembea huku wakikwepa vizuizi vya kwenye skrini na kuchagua njia. Baada ya wiki sita za mazoezi, waliotembea huku wakifikiri walipunguza maanguko kwa takriban nusu katika miezi sita iliyofuata, na waliotembea tu hawakupata nafuu ya kutosha kuhesabiwa.

Msiyaone hayo ya skrini mkakata tamaa. Kinachofanya kazi pale ni mambo matatu: mtu yuko kwa miguu yake, mizani ya mwili wake, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, inajaribiwa hasa, na wakati huo huo kichwa chake kina kazi. Yote matatu yanapatikana katika ua wa nyumba ya Mikindani.

Anza kwa wiki mbili au tatu bila kazi ya kichwa, ili mwili upate msingi. Baba asimame karibu na ukuta au meza nzito isiyoteleza, nyuma yake kiwepo kiti kizito, na mtu mzima awe karibu wakati wote. Mfunge kikoi kilichokunjwa kiunoni juu ya nguo, nawe ushike fundo kwa nyuma. Ni afadhali kumshika hapo kuliko kumvuta mkono, kwa sababu mkono ukivutwa humpotezea mizani zaidi. Ainuke kutoka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono na kuketi polepole, mara kadri awezavyo hadi zifike 10. Anyanyue visigino vyote viwili na kuvishusha. Kisha asimame miguu ikiwa pamoja, akizoea atangulize mguu mmoja nusu hatua, na mwishowe kisigino cha mguu wa mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Mzee asiyeweza kukaa katika hali hiyo ya mwisho kwa sekunde 10 bila kushika kitu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, kwa hiyo lijaribuni mapema mjue mnaanzia wapi. Atembee kwa ubavu akiambaa ukuta, na atembee kisigino kwa vidole juu ya mstari mliouchora kwenye mchanga wa uani.

Mambo hayo yakishakuwa mepesi, ongezeni kazi ya kichwa, na iwe kazi inayomhusu. Sioni sababu ya kumhesabisha baba namba zisizo na maana kwake wakati ana bahari nzima kichwani. Anapotembea juu ya mstari ataje bandari kutoka Mikindani kwenda kaskazini, yaani Sudi, Lindi, Mchinga, Kiswere na Kilwa, kisha azitaje kinyume, akirudi nyumbani. Kwenda atazitaja bila taabu. Kurudi ndiko kutakakoyumbisha miguu, na hapo ndipo penye zoezi. Siku nyingine ataje samaki, changu, tasi, kolekole, nguru, pono, bila kurudia jina. Siku nyingine umpe bei ya fungu la samaki na noti aliyopewa, akurudishie chenji huku anatembea. Wajukuu nao waingie: mmoja aseme kitendawili, babu ajibu tega, na atafute jawabu bila kusimama. Nilivyoona kwa wazee wengi, hapa ndipo zoezi linapoacha kuwa dawa chungu na kuanza kusubiriwa.

Zoezi jingine ninalolipenda sana ni la miraba. Chora uani miraba minne inayomzunguka, mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mtoto asimame pembeni atamke upande, babu akanyage na kurudi katikati. Akizoea, badilisheni sheria: mtoto akisema kulia, babu akanyage kushoto, akisema mbele, arudi nyuma. Utaona mguu unaanza kwenda kulikotajwa kisha unazuiwa. Uwezo huo wa kuuzuia mguu ulioanza kwenda ndio anaouhitaji bodaboda inapopiga honi, na ni sehemu ya akili ambayo huchakaa mapema kwa umri. Hatua ya kurudi nyuma ifanywe ninyi mkiwa mmemshika.

Mdundo nao una nguvu yake. Huko Geneva, Uswisi, wazee 134 wenye umri wa zaidi ya miaka 65 walifundishwa kutembea kwa kufuata kinanda, wakibadilisha mwendo na mikono kila muziki ulipobadilika, saa moja kwa wiki kwa miezi sita, na kiwango cha maanguko kilishuka kwa asilimia 54. Mtwara na Lindi hatukosi watu wanaojua kubadilisha ngoma. Mjukuu apige ndoo au kopo. Mdundo wa taratibu, babu aende. Ukiharakishwa, ageuke kwa hatua ndogo ndogo. Ukikatika, asimame imara.

Mpeni pia maelekezo tofauti kwa siku tofauti. Leo mwambie miguu ndiyo ya kwanza na jibu hata likichelewa si neno. Kesho mwambie jibu ndilo la kwanza, nawe ukishike kikoi sawasawa. Kwa njia hiyo anajifunza kuhamisha umakini kwa hiari yake. Barabarani, lakini, sheria ibaki moja tu, miguu kwanza. Na ugumu uuongeze kwa kumtazama yeye: asipokosea kamwe, kazi imekuwa nyepesi; akishika ukuta kila hatua, imezidi.

Salamu zenyewe nazo zifanyieni mazoezi. Tembea naye uani, umsalimu kama mpita njia, aitikie neno moja bila kusimama. Baadaye umuulize habari ya nyumbani, ya kazi, ya wagonjwa, hadi mazungumzo yawe marefu kama yalivyo mtaani. Akiweza hayo kwa wiki kadhaa uani, jaribuni njia tulivu, wewe ukiwa upande wa barabara. Kuhusu kuitwa kwa nyuma, mfundishe ajibu kwa sauti kwanza, apande miguu yake, kisha ageuke mwili mzima kwa hatua badala ya kugeuza shingo. Watoto nao wafundishwe kumfuata babu aliko na kumwita akiwa anawaona.

Kwa kiasi, lengeni jumla ya saa tatu kwa wiki, ambayo ni chini kidogo ya nusu saa kila siku, mnaweza kuigawa asubuhi na jioni. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 108 na watu zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza maanguko ya wazee kwa asilimia 23, na yanapochanganya mizani ya mwili na nguvu za misuli hupunguza kwa takriban asilimia 34. Manufaa hayo hupotea mazoezi yakiachwa, kwa hiyo msifikirie kumaliza kama mtu anavyomaliza dozi. Kutembea tu, bila mazoezi hayo, pia hakutoshi, na mwendo wa haraka kwa mtu aliyekwisha kuanguka waweza kumwongezea hatari. Aende msikitini, ndiyo, kwa mwendo wake na akiwa na mtu, mpaka mizani iimarike.

Turudi kwenye ile fedha ya kiti. Inunue viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino badala ya kandambili zilizolika, taa ya kuangaza njia ya choo usiku, na fundi aweke chuma cha kushikia pembeni mwa kizingiti. Maji ya chooni yatangulizwe kwenye ndoo jioni ili alfajiri aende mikono mitupu. Ncha za mkeka zisikae njiani. Akihitaji mkongojo, kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kiganja anaposimama mkono ukining'inia. Na siku moja, akiwa na nguvu zake, mtandikie mkeka ajifunze kuinuka kutoka chini: ageuke ubavu, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti kizito, atangulize mguu wenye nguvu, ndipo ainuke. Mzee anayejua kuinuka huwa na hofu ndogo ya kutembea.

Kusahau majina, kisha kuyakumbuka baadaye, hakunitishi sana, hasa kabla ya kukichunguza kile kidonge cha usiku na masikio yake. Akipotea njia anayoijua, akiuliza jambo lile lile mara kwa mara kwa siku moja, au akivurugikiwa na hesabu za fedha alizozizoea, mwambie daktari, kwa kuwa mwendo unaopungua pamoja na kumbukumbu inayopungua yaweza kuwa dalili ya mwanzo ya demensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na yafaa ichunguzwe mapema. Bao aendelee nalo. Kila mchezo unapokwisha, waombe wenzake wainuke naye na kuketi mara tano kabla ya kupanga kete upya. Wengi wao ni wa rika lake, na wanalihitaji kama yeye.

Kabla hamjaanza, pima umbali wa mita 10 uani, umtembeze baba akiwa kimya huku ukihesabu sekunde kwenye simu, kisha umtembeze akitaja zile bandari kwa kurudi, uhesabu tena. Ziandike namba zote mbili pamoja na tarehe. Pima tena baada ya miezi mitatu, uone kama ile ya pili imeikaribia ya kwanza, na karatasi hiyo umpelekee mtaalamu wa fiziotherapia, naye atajua aongeze nini.